Kisu cha Mpini wa Mpera

Makali hayanunuliwi, hunolewa.

Bi Nyange aliyasema maneno hayo kitaluni, mbele ya vijana watano waliokuwa wakijaza udongo kwenye viriba vya miche. Mmoja wao, Tunu, alikuwa amelalamika kwamba kisu chake hakikati kwa sababu ni cha bei rahisi, na kwamba akipata senti zake atanunua kile kinachong'aa dukani. Wenzake walicheka jibu alilopewa, kisha wakataka kujua limetoka wapi.

"Jazeni udongo huku mnasikiliza," akasema Bi Nyange. "Masikio hayashiki koleo. Methali hii ilianza hivi."

Katika kijiji cha Kwemsasu aliishi mwanamke mmoja, Mwantumu, msusi wa mikeka. Mama yake alipofariki alimwachia mchungwa mmoja uliosimama nyuma ya nyumba. Nao haukuwa mchungwa wa kawaida. Miti yote ya kijiji ilipokwisha kuzaa na watu wamebaki kujifariji kwa ndimu, huo ndio kwanza ulianza kuivisha, na chungwa lake lilikuwa tamu hata mlaji hakuwa na haraka ya kunawa mikono. Watu waliuita Subira. Mbegu zake zilikuwa za hadaa: ukizipanda, zinakupa machungwa machachu ya kukunja uso. Njia ya kuupata mwingine ilikuwa moja tu, kuchukua macho ya matawi yake, yale machipukizi yaliyolala kwenye gome, na kuyabebesha, yaani kuyapandikiza, kwenye miche ya milimao. Lakini mama hakutaka kamwe kuguswa kwa mti wake. "Mchungwa wangu si kuku wa kunyonyolewa," alikuwa akisema, na baada ya kufa kwake Mwantumu hakuwa na moyo wa kuvunja neno lake. Kwa hiyo ulibaki huo mmoja peke yake.

Sasa nikwambieni habari za kisu. Msusi wa mikeka huchana ukindu mchana kutwa, na ukindu ukichanwa kwa kisu butu hutoka nyuzinyuzi, mkeka ukawa kichekesho. Mwantumu alikwenda gulioni kutafuta kisu cha kukunja, na mfukoni hakuwa na kitu cha kujivunia. Mchuuzi mmoja alikuwa amemwaga visu juu ya gunia, kazi ya wahunzi wa milimani, vimetengenezwa kwa misumeno chakavu na kutiwa mipini ya miti ya kawaida. Wapita njia walivitazama kama watazamavyo vijiti. Mwantumu alichuchumaa, akachukua kimoja kimoja. Alikifungua na kukifunga, asikie kama kinashika. Alikitikisa sikioni, asikie kama kinacheza kwenye msumari wake. Alikiinua usawa wa jicho kuangalia kama bapa limenyooka. Mwisho alikigonga kwa ukucha akasikiliza chuma kinavyolia.

Alikataa kumi na kimoja. Mchuuzi akachoka.

"Mama, unachagua kisu au mchumba?"

"Mchumba ningekuwa nimeshamaliza," Mwantumu akajibu. "Huyo hata akiwa butu, mtu huvumilia."

Kisu cha kumi na mbili kilikuwa kibaya kwa sura kuliko vyote. Bapa lake lilikuwa jeusi kwa moshi wa tanuru, mpini wake wa mpera haukupigwa hata msasa. Lakini kilifunga kwa mlio mmoja mkavu, hakikucheza hata chembe, na kilipogongwa kililia kwa sauti nyembamba iliyochelewa kufa. Alikipata kwa bei ya mafungu mawili ya nyanya. Mhunzi yule, sijui ni nani, Mungu amzidishie. Alitia ustadi wake wote katika kitu ambacho alijua kitauzwa kwa bei ya mboga, na hakuweka hata alama yake. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kuchana ukindu, Mwantumu alikipitisha kwenye kinoo, huku na huku, mpaka aridhike.

Miaka miwili ikapita. Masika moja Mwantumu alikwenda mazikoni mbali, akakaa majuma mawili. Aliporudi aliukuta mchungwa umelala chini, upepo umeung'oa na mizizi yake. Majani yalikuwa yamejikunja, matawi yamekauka. Alilia kama aliyefiwa na mama mara ya pili. Ni tawi moja tu, lililolalia tope, ndilo lililokuwa na ubichi. Aliyahesabu macho yake yaliyo hai. Yalikuwa kumi na moja. Hayo yakifa, Subira imekwisha.

Mjomba wake, Mzee Sengoda, alituma mtu akamwite Fundi Kihiyo, mbebeshaji aliyesifika kuliko wote. Kihiyo alifika siku hiyohiyo. Alikaa mbele ya miche kumi na mmoja ya milimao, akafungua kitambaa cha pamba, akatoa kisu chake. Ilikuwa shani! Mpini wa mfupa mweupe kama jino, bapa linalong'aa, na juu ya bapa amechorwa simba mdomo wazi.

"Kisu kama hicho," akasema Mzee Sengoda, "hata kikikutazama tu unajiona umekatwa."

Na mikono ya Kihiyo ilistahili sifa zake. Alipasua gome la mche, akabandua jicho kwenye tawi, akalichomeka, akalifunga kwa utepe wa nailoni, na hakuna mahali vidole vyake vilipobabaika. Mwantumu alimpokeza vifaa huku akimwomba Mungu kimoyomoyo. Jicho la saba lilipokwisha kufungwa, aliliokota tawi na kulitazama pale kisu kilipopita. Aliona nyuzinyuzi, zilezile za ukindu uliochanwa kwa kisu butu.

Kumsahihisha fundi mbele ya mjomba wake ilikuwa aibu. Lakini macho yalibaki manne.

"Fundi, uniwie radhi," akasema. "Haya yaliyobaki, naomba uyakate kwa kisu changu."

Akakitoa. Mzee Sengoda akashika kiuno.

"Mwantumu! Fundi mzima unampa kisu cha mafungu mawili ya nyanya?"

"Ndicho hicho, Mjomba."

Kihiyo hakucheka wala hakukasirika. "Changu kina kasoro gani, dada?"

"Uzuri wote kinao, Fundi. Angalia tu mahali kilipopita."

Kihiyo alilipokea tawi, akaligusisha mahali palipokatwa kwenye mdomo wake wa chini, maana mdomo huhisi kuliko kidole.

"Hukinoi?" Mwantumu akauliza kwa upole.

"Sijakinoa hata mara moja," Kihiyo akasema. "Aliyeniuzia aliniambia hakihitaji. Siku hizi macho yakifa nalaumu jua. Na kusema kweli, naogopa kumkwaruza simba."

Alikichukua kile kisu cheusi, akakipitisha kwenye malaika ya mkono wake. Vinywele vikaanguka bila kuvutwa. Akakitazama tena, mbele na nyuma, kama mtu aliyesalimiwa kwa jina na mgeni. Kisha akakata. Jicho la nane lilibanduka na ngozi yake laini kama utando wa yai, bila hata unyuzi mmoja. La tisa, la kumi na la kumi na moja yakafuata. Mikono ilikuwa ileile, na tawi lilikuwa lilelile.

Wakangoja majuma matatu. Msiniulize Mwantumu alilala vipi majuma hayo. Siku ya kufungua tepe alikuja Kihiyo, na Mzee Sengoda akaja na kigoda chake. Jicho la kwanza lilikuwa la kahawia, likadondoka lilipoguswa. La pili vilevile. Yote saba yalikuwa yamekufa, na Mwantumu alishindwa kutazama zaidi, akageuka ukutani.

"Njoo uone," Kihiyo akamwita.

La nane lilikuwa kijani kibichi. La tisa nalo. La kumi lilikufa, maana kisu si Mungu. La kumi na moja lilikuwa limeshaanza kuchomoza ncha ya kijani kama ya sindano. Mwantumu alikaa chini kwenye udongo akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Subira ilikuwa hai, tena mara tatu.

Kihiyo alisimama na kile kisu cheusi, alichokuwa akikatia tepe, mkononi. "Niuzie," akasema. "Taja bei yoyote, nitalipa."

"Usikiachie kwa bei ya chini!" Mzee Sengoda akadakia, yeye yule wa mafungu ya nyanya.

Mwantumu alijifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Kichukue kwa bei niliyonunulia, Fundi. Gulioni viko vingine, na kuchagua najua. Lakini nisikudanganye. Chuma kizuri nilikinunua, ndiyo. Makali sikuyanunua. Ukikifunika kitambaa, mwezi ujao kitakuwa sawa na chako."

Kihiyo aliwaza kidogo. Akamrudishia kisu chake, akaomba kinoo na maji. Alikaa kwenye kizingiti, akakitoa kile cha mpini wa mfupa, akakilaza juu ya jiwe. Mzee Sengoda alifumba macho asione. Kihiyo alinoa mpaka adhuhuri, na kila alipokivuta, simba alizidi kufifia, hata akabaki mkia tu. Jirani mmoja aliyekuwa akipita alishangaa, akamuuliza mbona anaharibu kitu cha thamani kiasi hicho.

Kihiyo alikipitisha kisu kwenye mkono wake, vinywele vikaanguka.

"Simba alikaa hapa miaka yote asimuume mtu," akamjibu. "Makali hayanunuliwi, hunolewa."