Kwa Nini Kinyonga Huyumba Akitembea

Hapo kale Kinyonga alitembea moja kwa moja, tena upesi, na macho yake yote mawili yalitazama upande mmoja. Kazi yake ilikuwa kuangalia nyota zile ndogo zilizosongamana, ziitwazo Kilimia. Si Kilima, ni Kilimia, kwa kuwa hutuonyesha wakati wa kulima. Nyota iliyo ndogo kuliko zote ikionekana kando ya wenzake, ndipo mbegu hutiwa ardhini.

Mwaka uliotangulia Kinyonga aliona vibaya. Alisema, "Pandeni," wanyama wakapanda, na jua likaunguza kila kitu. Sasa ilibaki mbegu ya kibuyu kimoja tu, nacho alikilalia Bibi Kware.

"Mjukuu wangu," Bibi Kware alimwambia, "ukikosea tena tutakula mawe."

"Afadhali mawe," akadakia Nungunungu. "Hayangoji Kinyonga aone."

Jioni Kinyonga alipanda mti, akakaza macho. Kilimia kilikuwa bonge la mwanga linalochezacheza. Alijikaza asitikisike hata ukucha, lakini nyota hazikutulia. Ndipo akamwona Kimetameta, yule mdudu wa taa ambaye wengine humwita kimulimuli, ametua kwenye ncha ya jani la mbali. Taa yake nayo ilicheza.

"Kimetameta, mbona unatikisika?"

"Mimi nimetulia tuli, kaka. Labda wewe umelewa."

Kinyonga akafahamu. Kilichocheza si nyota wala mdudu, bali hewa iliyokuwa katikati, yenye joto la mchana kutwa. Akamwomba Kimetameta apae, atulie usawa wa Kilimia. Jicho moja akalielekeza kwake, la pili kwenye Kilimia. Taa ilipoyumba kulia, naye aliyumba kulia. Iliporudi, naye alirudi, hata ikatulia jichoni mwake kama kaa la moto. Kilimia nacho kikatulia. Bonge likaachana, nyota moja moja, na pembeni, peke yake, ile ndogo kuliko zote.

"Bibi, tia mbegu."

"Anapepesuka namna ile, nasi tumwamini?" akauliza Nungunungu.

Bibi Kware akafungua kibuyu. Mvua iliikuta mbegu ardhini.

Tangu jioni hiyo Kinyonga hajaacha kuyumba kila anyanyuapo mguu, na kila jicho lake lina safari yake. Wataalamu wa nyota wa leo nao wamefuata njia hiyo: huwasha taa yao juu angani kwa mwali wa leza, huitazama inavyocheza, na kioo cha darubini hujikunja na kujikunjua kuandama hewa, mpaka nyota zitulie.

Basi ukimkuta Kinyonga tawini akisitasita, usimcheke. Hajalewa. Anaifuata hewa.