Kikombe cha Kamati ya Nyimbo

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura kusemezana na fisi, bali zamani ya juzijuzi tu, wazee wa kanisa waliposema na hakuna aliyewajibu, palikuwa na kanisa moja milimani lisilotaka mchezo na shetani. Ngoma marufuku. Makofi marufuku. Kayamba ilipigwa marufuku kabla haijafika. Sheria ilikuwa fupi: wimbo wa mbinguni hukaa kichwani, ukishuka chini ya shingo, huo ni wa dunia.

Sasa utajuaje kama umeshuka? Hapo ndipo Mzee Mbonea, mwenyekiti wa Kamati ya Nyimbo, alipoonyesha akili zake. Kila ulipoletwa wimbo mpya, aliketi mbele ya kwaya, akawekewa sahani gotini, na juu ya sahani kikombe cha chai kilichojaa pomoni. Kwaya ikaimba. Sahani ikibaki kavu, wimbo umepita. Likianguka tone moja, wimbo umekufa. Kwa miaka thelathini nyimbo za kanisa lile zilikwenda mwendo wa jeneza, hata za harusi. Bibi harusi alifika madhabahuni amechoka kama katoka kulima.

Mwalimu wa kwaya aliitwa Nakijwa, mjane mwenye sauti nzito na mdomo usio na breki. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa, ng'ombe amekufa, kilichobaki ni Alhamisi ya mazoezi na Jumapili ya kuimba. Ukimnyima kwaya, umemnyima chakula.

Basi Nakijwa akatunga wimbo wa sikukuu ya mavuno. Maneno aliyatoa kwenye Zaburi. Sauti, ehee, sauti aliitoa kwa mama yake, kwenye ngoma ya harusi iliyokatazwa miaka mingi. Akaupunguza mwendo nusu. Akaupunguza tena. Mama yake alipousikia akauliza, "Mwanangu, kafa nani?" Nakijwa akacheka. Lakini alipousonga ugali huku akiuimba, kiuno kilimjibu. Alijua. Ngoma bado imo, na akaupeleka hivyohivyo.

Siku ya kamati ikafika. Senkondo, mpiga kinanda, akakaa kwenye kinanda chake cha kukanyaga, kile ambacho usipokikanyaga hakipumui. Mchungaji Elirehema akaamuru watu wafumbe macho, maana wimbo ni sala. Wakaimba mpaka amina. Wakafumbua macho. Sahani kavu! Wimbo umepita!

Mzee Mbonea akakohoa. "Hebu rudieni. Ubeti wa pili sikuusikia vizuri."

Mzee yule hakuwahi kuomba wimbo wowote urudiwe. Haya, wakarudia. Senkondo, aliyeacha makande yake mekoni, akakanyaga haraka kidogo ili wamalize. Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili, pwaa! Kikombe sakafuni, Mzee amelowa mpaka soksi.

Nakijwa alifurahi kwanza. Furaha ilimjaa kifua kizima kwamba goti lile limeshindwa. Ndipo hofu ikamshika, maana kanuni aliijua: aliyeingiza dunia kanisani atatengwa mwaka mmoja, akae benchi la mlangoni, asifungue kinywa kuimba. Mwaka mzima! Afadhali aambiwe ale mboga bila chumvi hadi kufa.

"Ni baridi yabisi," akasema Mzee Mbonea.

"Baridi yabisi haifuati mdundo, Mzee," akasema Mchungaji.

"Baba Mchungaji, si ulisema tufumbe macho?"

"Nilifumba moja." Akalifungua daftari la waliotengwa. "Kikombe ni kimoja, kosa ni moja, mkosaji ni mmoja. Jiteteeni."

Nakijwa akaanza. "Mimi nimetunga tu. Wimbo nimekaa nao nyumbani mwezi mzima, na sijavunja hata kijiko. Mara ya kwanza umeimbwa kama nilivyouandika, sahani ikabaki kavu, mmeona wote. Chai sikuimwaga mimi. Muulizeni aliyeukimbiza."

"Nani, mimi?" Senkondo akaruka. "Mimi nimeongeza mwendo tu! Ukikimbiza jeneza linageuka ngoma? Huo mdundo ulikuwa humohumo ndani, mimi nimeupa pumzi. Na isingekuwa kurudia, saa hizi ningekuwa nakula. Chai sikuimwaga mimi. Muulizeni aliyetaka turudie."

Mzee Mbonea akasimama, suruali inachuruzika. "Mimi nimekaa tu. Mtu aliyekaa amekosa nini? Mimi ni kipimo. Mizani ikionyesha sukari imepungua, mizani ndiyo imeiba? Wangeleta wimbo safi, goti lingetulia."

Kamati ikaguna. Maneno yale yalikuwa na uzito, na Nakijwa aliona benchi la mlangoni linamwita kwa jina. Akaamua liwalo na liwe.

"Mzee wangu, shikamoo, lakini nitasema. Wimbo ule mama yangu mzazi hakuutambua. Goti lako limeutambua. Limeujulia wapi?"

"Niliucheza kabla ya kuokoka! Nikabatizwa, nikazamishwa mtoni mzima mzima!"

"Labda goti lilibaki nje," akanong'ona Senkondo, na kwaya yote ikainama kuficha meno.

"Na kwa nini ulitaka turudie?" akauliza Nakijwa.

Mzee Mbonea akaziangalia soksi zake. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo, "Kwa sababu ulikuwa mtamu."

Hakuna aliyecheka. Nakijwa alimwonea huruma, akajikasirikia kwa kumwonea huruma, maana mmoja wao lazima aende, na hakutaka awe yeye.

Mchungaji akaandika tarehe. Akaandika, "Aliyeingiza dunia kanisani ni," kalamu ikagoma hapo. Nasikia mpaka leo imegoma, na sikukuu ya mavuno imepita bila wimbo.

Haya, nyinyi mliookoka na nyinyi mnaojifanya, isaidieni kalamu hiyo. Nakijwa aliijua ngoma akaivalisha Zaburi. Senkondo aliikimbiza kwa ajili ya makande. Mzee Mbonea aliipitisha, kisha akaiomba tena. Je, nani alistahili benchi la mlangoni?