Bodi Moja, Mafundi Watatu

Sogeeni. Anayependa kuitikia tu bila kufikiri aende akalale, maana leo jibu mtalitoa ninyi.

Kaka yangu wa Muheza alikufa akaacha watoto watatu na gari lisilo na bodi: injini, fremu na matairi, basi. Mwantumu, mkubwa wao, hufinyanga chochote alichokiona mara moja. Hizza ni fundi wa kalibu, mtu wa subira. Shekue, kitinda mimba, ni hodari wa faiba, ila mdomo wake hutangulia mikono. Wakaapa kulivika gari la baba yao bodi ya kujitengenezea.

Mwantumu akafinyanga umbo zima kwa udongo, boneti mpaka mkia. Wapita njia walisimama kulitazama. Mwenyewe Mwantumu alijua fika halitaishi.

Hizza akalifunika kwa plasta, tabaka juu ya tabaka. Ilipokauka, udongo ukabomolewa na kutupwa, ikabaki kalibu, ganda tupu lenye umbo lile kwa ndani. Mwantumu alilia, na mimi nililia naye. Hizza yeye alijigamba: "Kwa kalibu hii nitawatolea bodi Muheza nzima!"

Ikafika zamu ya Shekue. Kalibu hupakwa nta kwanza ili faiba isigandie humo, ndipo rangi, kisha nyuzi za kioo na gundi yake. Hizza akapaza sauti kutoka uani, "Shekue, umepaka?"

"Nimepaka, kaka!"

Mmoja aliuliza nta, mwingine alijibu rangi. Jamani, neno lenyewe "paka" tu, na hakuna aliyejisumbua kuongeza la pili.

Bodi ikagandia ndani. Walivuta, wakagonga, wapi! Ama waikate bodi, ama waivunje kalibu. Hizza alichukua nyundo akaivunja kalibu yake mwenyewe, na bodi ikatoka imechubuka vibaya. Shekue akaziba, akasugua kwa msasa, akaziba tena, vumbi la kioo likimwingia kifuani, mpaka ikang'aa, wakalivika gari. Hadi leo anakohoa.

Ndipo akapita Mzee Baajun, mwenye karakana ya boti za faiba. Akalizunguka gari, akalipapasa. "Nina nafasi moja ya kazi, ya kudumu. Nani katengeneza bodi hii?"

"Mimi," wakajibu wote watatu.

"Umbo ni langu," alisema Mwantumu. "Nyie mmenakili tu."

"Ningeikata bodi badala ya kuvunja kalibu, dada, leo ungeonyesha nini?" akauliza Hizza.

"Anachokishika Mzee ni kazi yangu," akasema Shekue. "Na kifua hiki je?"

"Kifua umejitakia! Uliniambia umepaka."

"Wewe ulitaja nta, kaka?"

Tangu siku hiyo hawali sahani moja. Gari linang'aa uani, na hakuna anayemruhusu mwenziwe kuliwasha. Mzee Baajun anasubiri jina, nao wamenitupia mimi, shangazi yao, nilitamke kesho. Nimechoka nao, na ninawapenda, na hilo ndilo linaloniuma.

Haya, ninyi mlionyamaza hapo. Wa kwanza kazi yake ilitupwa, wa pili aliivunja yake kwa mkono wake, wa tatu yake inaonekana ila pumzi hana. Nimtaje nani? Na wale wawili nitakaowaacha, niwaambie nini wakiniita shangazi?