Sakafu ya Bwana Shekuwe

"Sakafu husikia vigongo, haisikii jina." Mnaisema sana, wanangu, tena kwa kucheka. Basi kaeni niwaeleze ilikotoka, tuone kama mtacheka.

Zamani paa la nyumba ya mawe lilikuwa sakafu: boriti, mawe juu yake, kisha chokaa na kokoto. Chokaa ile ilipigwa kwa vigongo siku tatu, mtaa mzima ukiimba, mpaka ikashikana.

Fundi Msellem alikuwa akimjengea Bwana Shekuwe, tajiri wa mji, chumba cha arusi ya bintiye. Jioni ya siku ya kwanza Bwana alipanda juu, akawakuta wachukuzi na wavunja mawe wanapiga.

"Hawa wasirudi kesho," alisema. "Sitaki watu wa namna hii wanikanyage kichwani."

"Bwana, zimebaki siku mbili. Chokaa bado mbichi."

"Mimi Shekuwe nikisema imeshikana, imeshikana!"

Msellem alijua. Wallahi alijua! Lakini alimwogopa, akasema, "Haya, Bwana," akakusanya vigongo. Hata mkewe, Mwanatumu, aliyekuwa somo wa bibi arusi, mwenye kumfunda na kumtengenezea chumba, Msellem hakumwambia. Aliona haya.

Juma la arusi mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Sakafu ikanywa maji, ikazilemea boriti. Bibi arusi alikuwa ametoka kwenda kuoga. Mwanatumu alibaki peke yake chumbani, akitandika kitanda, sakafu ikamwangukia. Walipomfukua alikuwa ameshakata roho.

Bwana Shekuwe alikuja matangani. "Ni kazi ya Mungu, fundi."

"Mungu alinipa ulimi, Bwana," Msellem akajibu. "Mimi ndiye niliyeufunga." Akalia mbele za watu, mtu mzima yule.

Baada ya arobaini sakafu ilimwagwa upya. Wale wale waliofukuzwa walikuja bila kuitwa, kwa ajili ya marehemu. Safari hii hakuna aliyeimba. Bwana Shekuwe alipopanda, watu wakaanza kumpisha, "Karibu Bwana, karibu Bwana." Msellem akamtia kigongo mkononi.

Bwana akapiga magoti kati ya wachukuzi, akapiga. Siku ya pili viganja vilikuwa vimemchubuka, kanzu imejaa chokaa.

"Fundi," akauliza kwa sauti ndogo, "haijatosha?"

Msellem hakuinua macho.

"Bado, Bwana. Sakafu husikia vigongo, haisikii jina."