Kalamu Iliyojaa Wino

Kabla sijaziombea kalamu hizi mlizoweka kapuni, wapendwa, kaeni kwanza. Na ninyi watahiniwa wa benchi la mbele, kaeni. Nina mfano.

Kulikuwa na kijana mmoja, mtoto wa mjane, aliyetaka kuwa wakili. Sababu yake ilikuwa nzuri. Mama yake hakujua kusoma. Msiba wa mumewe haujapoa, jirani akamletea karatasi, akamwambia ni orodha ya wanaotaka bomba la maji. Mama akaweka dole gumba, akaachiwa nakala. Kumbe karatasi ilisema amempa jirani nusu ya shamba la migomba! Migomba ikaenda hivyo hivyo, anaiona kwa macho, anakatazwa kukata hata jani.

Kijana akamshika mama mkono. "Usilie, mama. Nitasomea sheria, na migomba yako itarudi."

Kuingia chuo cha sheria kulikuwa na mtihani wa mchujo, mwezi wa kumi. Akanunua vitabu. Akanunua na kalamu mbili za bluu, zile zinazoonyesha wino ndani, moja ya kujisomea na moja ya akiba. Kisha akaanza kuuliza watu: nianze kusoma lini? Mwalimu mmoja akamwambia miezi sita. Binamu yake akasema mitatu, maana ukianza mapema utasahau. Akachora ratiba nzuri ukutani, kwa penseli, ili aweze kufuta. Ataanza tarehe mosi. Tarehe mosi ikaangukia Alhamisi, na nani huanza jambo Alhamisi? Akafuta, akaandika Jumatatu.

Na huku akiisubiri Jumatatu, akawa anaota. Jamani, ndoto ni tamu! Mchana ukungu umeshuka mpaka kwenye paa, yeye amelala mkekani barazani, macho nusu. Anajiona ndani ya joho jeusi, katika ukumbi mkubwa ambamo feni zinazunguka polepole. Jaji anamsikiliza, kidevu mkononi. Mama amekaa mbele na kitenge kipya, na nje ya dirisha migomba yote imesogea karibu kusikiliza, majani yanadondosha umande. Kijana anasema neno moja tu, na ukumbi mzima unanyamaza. Mzee Anyosisye, usicheke. Mimi na wewe tumewahi kulivaa joho hilo.

Siku moja mama akamwambia, "Mwanangu, nipe hiyo kalamu ya akiba. Nimechoka na dole gumba." Akapewa. Kila alasiri akawa anakwenda darasa la watu wazima pale shule ya msingi, na akirudi anakaa pembeni mwa mkeka na daftari lake.

"Hii inaitwaje, baba?"

"Hiyo ni M, mama," kijana anajibu, macho kayafumba.

"Na hii?"

"Mama, niache kidogo. Napanga."

Akapanga. Ataanza maharage yakishavunwa. Ataanza harusi ya binamu ikipita. Ukuta ukachakaa kwa kufutwa.

Mwezi wa tisa baraza la ardhi likamwita mama kwa kesi ya shamba lile. Kijana akasema, "Waambie wasogeze mbele. Mwakani nitakuwa chuoni, nitakwenda mwenyewe." Mama akainuka. Akafungua sanduku, akatoa nakala ya ile karatasi, iliyolala humo miaka mitatu, akaondoka nayo.

Mwenyekiti wa baraza akamuuliza, "Mama, una wakili?"

"Ninaye. Yuko nyumbani, anapanga ataanza lini."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaikunjua karatasi, akaanza kuisoma mbele yao, kidole chini ya kila neno, taratibu, mpaka akafika kwenye tarehe. Hapo kidole kikasimama.

"Tarehe kumi na mbili, mwezi wa nne," akasema. "Karatasi inasema siku hiyo nilikaa na jirani, nikampa shamba. Siku hiyo nilikuwa namzika mume wangu. Ninyi nyote mlikuwepo."

Ukumbi mzima ukanyamaza. Na migomba ikarudi.

Mama alipofika nyumbani akaiweka kalamu mkekani. "Asante, baba. Imeisha wino." Kijana akailaza karibu na yake. Ya mama nyeupe tupu, yake imejaa mpaka juu. Akalia kama mtoto. Unadhani alililia mtihani? Ile karatasi ilikuwa ndani ya nyumba miaka yote mitatu, naye kusoma anajua tangu darasa la kwanza! Haikuhitaji wakili. Ilihitaji mtu wa kuisoma.

Akafungua kitabu siku ile ile. Ilikuwa Alhamisi. Mwaka huo hakufaulu, wapendwa, sitawadanganya. Wiki tatu ni wiki tatu.

Na sisi je? Nani humu hana ratiba ya penseli? Tutapatana na wake zetu nyumba ikiisha. Tutamwona mgonjwa mvua ikikatika. Halafu tunamletea Mungu kapu la kalamu, abariki safari ambayo hatujaiinulia hata mguu.

Msinitazame hivyo. Hii hapa ni yangu, ya mfukoni. Iangalieni kwenye mwanga, wino tele. Nina ndugu yangu wa tumbo moja, huu mwaka wa nne hatusemezani, na barua yake naipanga kila Jumatatu. Naona aibu kuyasema haya mbele yenu, lakini nimeyasema.

Basi kapu hili siliombei leo. Njooni, kila mtu achukue kalamu yake, aende nayo nyumbani. Zileteni zikiisha wino, nitaziombea nimepiga magoti.

Na ibada ikimalizika, msinisubiri mlangoni tusalimiane. Nina barua ya kuandika.