Ukucha wa Njoki

Kidole cha mguu kikigonga jiwe, mwenye kidole hurukaruka kwa mguu mmoja, akasonya, akakipuliza, na waliomwona wakamcheka kidogo. Baada ya wiki chache hata yeye mwenyewe hakumbuki lilikuwa jiwe gani. Ulimi nao hujikwaa, tena bila jiwe, na hapo anayeumia si mwenye ulimi bali ni yule aliyesimama mbele yake. Wahenga walipotuonya kuhusu jambo hili hawakuwa wakitafuta maneno ya kupamba kuta za madarasa. Walikuwa wamewaona watu kama Mzee Gathogo wa Bahati, karibu na Nakuru.

Gathogo alikuwa mkulima wa viazi na mfugaji wa ng'ombe, mzee wa kanisa, mtu asiyekosa shambani wala ibadani. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: akishikwa na hasira, neno lilimtoka kabla hajalitazama usoni. Likishatoka hakulirudia, wala hakuliombea radhi. Alikaa nalo kimya mpaka watu wakadhani amesahau.

Binti yake, Njoki, alikuwa amemaliza chuo mjini Nakuru na kupata kazi katika duka la mbegu na dawa za mifugo. Yeye na rafiki yake Akeyo walikuwa na ndoto moja tangu kidato cha pili: kuvaa mashanta mgongoni na kuizunguka nchi yao, miji, milima na pwani, kabla maisha hayajawafunga kamba. Akeyo alikuwa mjukuu wa mfanyakazi wa reli, na kwao hadithi zote zilianzia stesheni. Mwaka huu walipata likizo kwa wakati mmoja, basi ikawa ni sasa au wasahau.

Kila Jumapili baada ya kanisa waliketi jikoni kwa akina Njoki, wakageuza kalenda ya mwaka uliopita na kuchora njia nyuma yake. Wangeanzia Kisumu, maana Akeyo aliapa kwamba hapandi mlima wowote kabla hajala samaki wa kwao. Kisha wangerudi hadi Nairobi, waende Nanyuki, waupande Mlima Kenya pamoja na mwongozaji, washuke, wapande treni ya Mombasa na kumalizia kwa kutia miguu baharini. Walibishana juu ya kila kitu: nani abebe hema, kama sufuria moja inatosha, kama blanketi la tatu ni lazima. Akeyo alitaka kubeba pasi ya nguo. Njoki alimuuliza kama anakwenda kuposwa na mlima.

Sasa kuna jambo ambalo halina mjadala katika nyumba nyingi za kwetu. Hulali nyumba ya kulipia katika mji ambamo una ndugu. Ukithubutu, habari zitamfikia kabla hujafungua begi, naye atataka kujua amekukosea nini. Kwa hiyo Kisumu wangelala kwa mjomba wa Akeyo, na Nairobi kwa Abby, binamu yake Njoki. Mlimani wangelala hemani, kwa kuwa huko hakuna mwenye jamaa. Lakini kando ya Mombasa, Njoki aliandika "hosteli" kwa herufi ndogo ndogo, akitumaini macho ya mama yake hayatafika hapo.

Yalifika. Rahab, mama yake, aliacha viazi alivyokuwa akimenya, akainama juu ya kalenda.

"Mombasa mnalala hosteli," alisema, "na shangazi yako Wawira yuko Likoni?"

Gathogo alikuwa mlangoni akinywa chai. Aliweka kikombe chini. Hakupaza sauti. Alisema Mombasa iondolewe kwenye safari hiyo, na kama haiondoki, basi hata Kisumu hawaendi kwa baraka zake. Kisha akatoka kwenda kuwatazama ng'ombe ambao hawakuwa wamemwita.

Akeyo alijua kuna kitu, ila hakujua ni kipi. Njoki alimweleza wakiwa njiani kuelekea barabara kuu. Wawira alikuwa dada mkubwa wa Gathogo, ndiye aliyembeba yeye mgongoni utotoni, mama yao akiwa shambani. Aliolewa Pwani, akakaa huko. Mama yao alipofariki, miaka sita iliyopita, Wawira alipanda basi, nalo likaharibika karibu na Voi, na simu yake ikaisha chaji. Alifika Bahati kaburi likiwa limeshafunikwa na maua yamewekwa. Aliingia langoni mbio, vumbi mwili mzima, leso mpya mkononi. Gathogo, aliyekuwa na uchungu wa kufiwa na hasira ya kungoja, alimtazama mbele ya mchungaji na kijiji kizima.

"Huyu mgeni ametoka wapi?" alisema. "Wenye mama wameshamaliza kumzika."

Wawira alitandika ile leso juu ya kaburi, akarudi alikotoka siku hiyohiyo. Tangu hapo hakuikanyaga Bahati tena, wala Gathogo hakulitaja jina lake.

Njoki aliumia kuliko wote, na alikuwa na sababu. Kwa desturi ya kwao, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, kwa hiyo yeye alikuwa na jina la marehemu. Wawira hakuwahi kumwita Njoki. Alimwita "mama", tangu akiwa mtoto wa kunyonya, na alipojua kusema, Njoki alikuwa akimwitikia, "Ee, mwanangu," watu wakavunjika mbavu kwa kicheko. Kusema kweli, safari yote hiyo, Kisumu na mlima na treni, Njoki aliipanga kwa ajili ya ncha yake ya mwisho. Alitaka kumwona shangazi yake, na hakujua amwambieje baba.

Akeyo alikuwa na dawa ya haraka. Waseme safari inaishia mlimani, kisha wateremke Mombasa kimya kimya.

"Usiposti picha, nani atajua?"

"Siendi kwa shangazi yangu kama mwizi," Njoki alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi safari haikufutwa wala haikuthibitishwa. Ikabaki inaning'inia, lakini mazoezi yakaendelea. Jumamosi moja waliamua kupanda Menengai wakiwa na mzigo kamili. Vifaa vya kambi walikuwa hawajakodi, kwa hiyo wakajaza viazi kwenye mashanta. Gathogo aliwaona wakipakia viazi kuelekea upande usio na soko, akauliza, akaelezwa, akatikisa kichwa. Alisema wasichana wawili hawaingii msitu wa Menengai peke yao. Akavaa gambuti na kuwafuata nyuma. Akeyo alinong'ona kwamba sasa wamepata askari wa msitu, tena wa bure.

Walifika juu wakihema. Upande mmoja shimo kubwa la volkeno lilikuwa chini yao, upande wa pili mji wa Nakuru na ziwa lake. Walikula mayai ya kuchemsha, Akeyo akapiga picha mpaka simu ikaomba huruma. Balaa lilikuja wakati wa kushuka. Buti za Njoki zilikuwa za mitumba, kubwa kidogo kuliko mguu wake, na alikuwa amezijaza vitambaa mbele. Mzigo wa viazi ukamsukuma kwa nyuma, akagonga jiwe jeusi, akaanguka kwa magoti. Buti ilipovuliwa, ukucha wa kidole gumba ulikuwa umenyanyuka wote.

Gathogo alimtuma Akeyo akatafute fimbo ya kuegemea. Yeye akaketi chini mbele ya binti yake, akakiosha kidole kwa maji ya chupa na kutoa hanchifu yake mfukoni.

"Kitapona," alisema. "Ukucha huota. Kabla ya hiyo safari yenu utakuwa unakimbia."

Njoki alikuwa na neno tayari mdomoni. Alitaka kumuuliza baba yake kama anayo pia dawa ya maneno, maana yeye ni bingwa wa kuyatupa. Alilimeza. Hakulimeza kwa woga. Alikuwa anajua jinsi maneno ya ukoo wao yanavyokata, na hakutaka kuwa wa pili. Labda kimya hicho ndicho kilichompa Gathogo nafasi.

"Siku ile ulikuwa wapi?" aliuliza, macho yakiwa kwenye kidole.

Njoki hakuuliza siku gani. "Nilikuwa kando ya mama, nimeshika maua."

"Ulinisikia?"

"Watu wote walikusikia, baba."

Gathogo alifunga fundo la hanchifu, akalifungua, akalifunga tena. Alisema habari za basi alizipata jioni ileile, kutoka kwa mtu aliyesafiri nalo. Angeweza kumkimbilia dada yake stendi ya Nakuru, lakini hakwenda. Alingoja Wawira apige simu kwanza. Kisha akangoja Krismasi. Mwishowe aibu ya kukaa kimya ikawa kubwa kuliko kosa lenyewe.

"Yeye alichelewa saa chache," alisema. "Mimi nimechelewa miaka sita."

Chozi likadondokea hanchifu. Njoki hakuwahi kumwona baba yake akilia, na hata siku hiyo hakumtazama usoni, asije akamwaibisha. Alimwekea mkono begani. Alimwonea huruma, akampenda, na bado alikuwa na hasira naye, yote kwa pamoja.

"Nipe muda nifikirie nitamwambia nini," Gathogo alisema.

"Usifikirie sana, baba. Lile la kwanza hukulifikiria."

Gathogo alicheka bila kutaka, akajifuta pua kwa mkono wa shati.

Walipofika nyumbani hakuvua hata gambuti. Alimwomba Rahab namba ya Wawira, kwa kuwa yeye aliifuta zamani. Rahab akaitoa upesi kuliko mtu asiyeitumia, na Gathogo akaona ni busara kutouliza. Simu yake ilikuwa mbovu, haisikiki mpaka ifunguliwe sauti yote, kwa hiyo boma zima lilisikia, ng'ombe wakiwemo. Ililia muda mrefu kabla sauti ya mwanamke kuuliza ni nani. Gathogo alifungua mdomo, na yote aliyoyapanga njiani yakapotea.

"Wawira, ni mimi, Gathogo. Mama anakuja kwako."

Njoki alidhani shangazi yake amekata simu.

"Mama yupi?" Wawira alisema polepole. "Wenye mama si walimaliza kumzika?"

Neno lilikuwa limerudi zima kama lilivyotoka. Kwa miaka sita halikupungua hata kidogo. Gathogo alishika nguzo ya zizi.

"Nilikukosea, dada. Ulichelewa kwa sababu ya gari, na mimi nikakufukuza kwa mama yako mbele ya watu. Wewe uliyenibeba. Nisamehe. Mama yetu yuko hapa, ameumia kidole, na anataka kuja kukuona."

Walimsikia Wawira akilia. Alilia vya kutosha, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akasema hajui kama moyo wake umepoa, asimdanganye mtu, lakini mama hafungiwi mlango. Akauliza kidole kimeumia vipi. Akauliza kama siku hizi mama anakula samaki, maana utotoni alikuwa akiwakimbia. Akeyo alijibu kutoka nyuma kwamba anakula, na rafiki yake anakula zaidi.

Jumapili iliyofuata Gathogo mwenyewe aliivuta kalenda. Akafuta "hosteli", akaitazama ile njia kutoka mwanzo hadi mwisho, akakunja uso.

"Na kurudi?"

Wasichana walitazamana. Jumapili zote hizo, na ubishi wote ule wa sufuria na blanketi, walikuwa wamechora kwenda tu. Gathogo alichukua kalamu, akavuta mstari kutoka Mombasa hadi Bahati.

"Kurudi mwekeeni shangazi yenu kiti. Akikataa msimlazimishe, mniletee salamu zake. Lakini kiti kiwepo."

Waliondoka mwezi uliofuata. Pasi ya nguo ilibaki nyumbani, ila kila shanta lilikuwa na viazi chini kabisa, vya shamba la marehemu nyanya yake Njoki, vya kupelekwa Likoni. Vilipanda mlima na kushuka, Akeyo akivilaani kila hatua. Waliposhuka kwenye treni, mama wa makamo aliyevaa leso alipasua umati wa abiria akiita, "Mama! Mama!" Watu waligeuka kumtafuta kikongwe, wakamwona msichana mwenye shanta akifungua mikono.

"Ee, mwanangu," Njoki aliitikia, na wote wawili wakalia hadharani bila haya.

Kiti hakikurudi kitupu. Gathogo aliwaita mchungaji na majirani walewale wa siku ile, akasimama langoni, akaomba radhi palepale alipokosea. Wawira aliingia, akazuru kaburi, akaketi jikoni, akamiminiwa chai. Kidole cha Njoki wakati huo kilikuwa na ukucha mpya, mdogo na laini, na ilibidi afikirie kidogo kukumbuka ni mguu upi ulioumia. Wawira naye hucheka siku hizi, na huja Bahati kila Krismasi. Ila mtu akitaja mazishi yale, hugeuza kwanza kikombe mkononi, ndipo aendelee kunywa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.