Ufunguo wa Karamu Iliyopasuka

Kaeni vizuri. Mwenye usingizi akalale sasa, maana mwisho wa maneno haya nitauliza swali na sitalirudia.

Huko Korogwe, kwenye banda la zamani la mkonge, walifanya kazi mafundi watatu. Zaituni alijua nyuzi: mafundo aliyofunga hata meno hayakuyafungua. Mndolwa alikuwa fundi lipu, na chokaa ilimtii. Chausiku, mdogo wao, alikuwa mchoraji, mwenye jicho la kuona kitu ambacho wenzake wanakitazama tu.

Mwenye banda akawaambia kwamba Jumatatu analibomoa. Wiki hiyohiyo yakatangazwa mashindano ya picha kuhusu deni la taifa. Mshindi angepewa chumba cha kazi mjini, bure kwa miaka kumi. Lakini ni chumba cha mtu mmoja, tena awe mwembamba. Watatu wakakubaliana kutengeneza picha moja, mambo ya chumba watayazungumza wakishinda. Hapo ndipo walipokosea, lakini tuendelee.

Zaituni alianza. Alisuka wavu wa mkonge kwenye fremu ya mbao, akafunga fundo moja kwa kila mtoto aliyezaliwa katika kata yao mwezi ule. Kawaida nyuzi huanikwa siku mbili kabla ya kupakwa chochote, na Zaituni alikuwa amechelewa. Mndolwa alipomuuliza kama zimekauka, aliona aibu, akasema zimekauka.

Mndolwa akafuata. Alipaka juu ya wavu lipu nene ya chokaa, akachonga humo barabara, madaraja na reli, vyote tunavyoambiwa vimejengwa kwa mikopo. Mafundo yote yakafunikwa.

Chausiku akamalizia kwa rangi. Alichora karamu juu ya barabara zile: watu wenye suti, sinia za pilau, na kando ya kila sinia kalamu ya kusainia. Picha wakaiita “Kukopa Harusi”. Nusu ya pili ya methali waliwaachia watazamaji, na ninyi mnaijua.

Siku ya mashindano, majaji walitarajiwa saa kumi. Saa nane fremu ikalia. Nyuzi mbichi zilikuwa zinakauka na kujivuta, na ufa ukaanza kona ya juu, ukapita katikati ya pilau, ukashuka hadi chini. Lipu ikaanza kulegea. Zaituni akakaa sakafuni.

“Nilikudanganya, kaka Mndolwa,” akasema. “Zilikuwa mbichi.”

Kwa hasira Mndolwa akavuta ndoo. Akakoroga chokaa mpya aizibe ile aibu, lakini Chausiku akasimama mbele ya picha.

“Usizibe, kaka. Tazama ndani.”

Ndani ya ufa, chini ya karamu yote, yalionekana mafundo ya watoto.

Mndolwa akasema kwamba ufa ukiachwa, lipu yote itaanguka kabla majaji hawajafika. Kisha, ili ufa ubaki wazi na lipu isianguke, akazunguka nyuma ya fremu, akaanza kusukuma chokaa kwa vidole katika matundu ya wavu, akishika kipande kimoja kimoja. Glavu hazikupita kwenye matundu yale. Alifanya hivyo kwa saa mbili, na alipotoka chokaa ilikuwa imemuunguza ngozi ya vidole vyote.

Jaji mkuu alikuwa mkunga mstaafu. Alipita picha zote upesi, akafika hapo akasimama. Akatia kidole kwenye ufa, akauliza yale ni nini.

“Ni watoto wetu wa mwezi huu,” Zaituni akamjibu. “Mkopo umesainiwa hawajapewa hata majina.”

Yule mama akayahesabu mafundo kwa kidole hadi mwisho wa ufa. Kisha akatoa ufunguo wa chumba.

Ufunguo mmoja, jamani. Chausiku alisema kwamba bila jicho lake ufa ungezibwa, na picha ingekuwa karamu kama karamu nyingine. Mndolwa aliwaonyesha mikono.

“Mafundo ni yangu, na ufa ni wangu,” Zaituni akasema mwishowe. “Kosa nimelibeba peke yangu. Basi na matunda yake nipeni peke yangu.”

Wakautundika ufunguo kwenye msumari bandani, wakakaa wakiutazama. Jumatatu asubuhi wabomoaji walifika na mitaimbo, wakaanza na ukuta wa nyuma, na ufunguo ukawa unacheza kwenye msumari kila wanapopiga.

Msiniambie wagawane, chumba nimeshawaambia ukubwa wake. Alidanganya mmoja, akaungua wa pili, akaona wa tatu, na ukuta unaanguka. Wewe uliye karibu na msumari, nyoosha mkono uutungue. Unampa nani, na utawaambia nini wawili wanaobaki?